Ubao Umejaa

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nane mchana na mto umeamka. Nimeamua kuandika msimu huu wote, maana mwaka jana nilibishana na mkuu wetu kuhusu siku daraja lilipovunjika, akanishinda. Yeye ana shajara, mimi nina mdomo tu.

Basi tuanze sawasawa. Mimi ni mlinzi wa njia katika hifadhi ya mtoni, mwaka wa tisa huu. Njia yenyewe ni mzunguko wa kilomita saba. Inaanzia getini, inapanda kilima, inapita kwenye mianzi, inashuka hadi Kiwiko, pale mto unapojikunja, halafu inafuata ukingo na kurudi getini palepale. Kibao cha nje kimeandikwa UGUMU: WA KATI. Wageni huuliza maana yake. Maana yake mtalalamika lakini hamtakufa.

Getini tuna ubao wenye misumari ishirini na nne, na kila msumari una kibati chenye namba. Ukiingia unachukua kibati, unakifunga shingoni kwa uzi. Ukitoka unakirudisha. Jioni ubao ukijaa tunafunga. Ukiwa na pengo hata moja, hakuna kwenda nyumbani. Tunapiga filimbi, tunachukua kamba, tunaingia kumtafuta mtu. Sheria hiyo ni ya mkuu wetu, na yeye mwenyewe huvaa namba moja. "Mtu hudanganya," husema, "ubao haudanganyi."

Tunamwita Nundu, kwa ajili ya uvimbe ulioachwa kwenye paji la uso wake na rungu la mwindaji. Leo asubuhi alimkamata mtega waya kwenye mianzi akamvunja vidole viwili kwa kisigino cha buti, kimoja baada ya kingine, huku akimhesabia. Mimi ndiye niliyemshikilia yule mtu mabega. Niseme kweli, sikuona vibaya. Ukishamwona mnyama aliyekaa siku tatu na waya shingoni, huruma yako kwa mtegaji inakauka.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni wanne. Mmoja aliteleza akakalia miiba. Nilicheka hadi Nundu akaniambia nikachekee nje.

Jumapili, 9 Machi

Pongo jike, mwenye mimba, kwenye waya karibu na Kiwiko. Waya ulikuwa umekata hadi mfupani, mguu wa mbele umebaki kwenye ngozi tu, na bado alikuwa akirusha mateke. Nilimkalia shingoni nikamchinja kwa panga. Mapigo mawili, kwa sababu la kwanza lilikwenda pembeni. Damu iliniingia mdomoni.

Nilipoinama kuondoa waya ndipo nikaona fundo. Mizunguko miwili, mkia unarudi chini, halafu unapinda kushoto. Baba yetu alifunga hivyo kila kitu: mbuzi, mzigo, mlango wa choo. Tuliobaki duniani tunaolijua fundo hilo ni wawili, mimi na kaka yangu. Na mimi sitegi waya.

Nililikata kwa koleo nikalitia mfukoni. Nundu alipofika akauliza, "Fundo liko wapi? Unajua mimi hukusanya mafundo."

"Limeangukia mtoni."

Miaka tisa, na huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake. Aliniangalia, akamwangalia pongo, akapasua tumbo kwa kisu akaona kilichokuwa ndani. Akatema mate. "Huyu sitamvunja vidole," akasema. "Huyu nitamuua."

Nundu si mtu wa maneno matupu.

Jumatano, 12 Machi

Nundu ana saa isiyoingia maji, na anajivunia kama mtu aliyeizaa. Leo katupima nayo mwendo. Mimi kutoka Kiwiko hadi getini kwa njia ya ukingo ni dakika ishirini na mbili. Kisha akataka nipite tena nimebeba mtu. Nimembeba Tiketi, mama anayekata tiketi getini, ambaye chakula hakimpiti mbali. Dakika hamsini. Njia nzima alikuwa akinielekeza pa kukanyaga. "Dada, taratibu, mimi si gunia!" Heri angekuwa gunia, gunia halisemi.

Nundu aliandika zote mbili kwenye kitabu chake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Kaka. Nilimkuta uani anapasua kuni, na wifi yangu anaosha vyombo. Nilimtupia lile fundo kifuani.

"Hili nini?"

Akaliokota. "Fundo la baba."

"Lilikuwa kwenye mguu wa pongo mwenye mimba! Una wazimu? Unajua nafanya kazi wapi?"

"Najua. Na wewe unajua ulikua kwa nyama gani?" Hakupandisha hata sauti. "Baba alipokufa ulikuwa na miaka minane. Nani alikuvusha mto mgongoni kwenda shule? Ulidhani kitoweo kinadondoka mbinguni? Leo umevaa buti, mimi nimekuwa jambazi."

Mkono wangu mwepesi, najijua. Nilichukua mwiko kwenye beseni nikampiga nao wa uso. Akanishika kifundo cha mkono akanibamiza mlangoni, mdomo ukapasuka. Nikamuuma bega. Tuligaragazana kwenye tope, watu wazima wenye mvi, hadi wifi alipotumwagia beseni zima la maji ya vyombo.

"Pambaneni vizuri basi, majogoo nyie! Mmoja akifa mwenzake nitamzika mimi?"

Tukakaa pale chini, tumelowa, mapovu kichwani. Nikamwambia kwamba Nundu ameapa kumuua. Akageuka kutazama mlango wa ua.

"Waya zimebaki ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tatu."

"Utazitoa zote. Nitakutafutia kazi ya kutengeneza daraja. Wewe fundi seremala, utaingia kwa geti kama watu, na ukipata nafasi utatoa moja moja."

Akafuta damu puani. "Sawa, mdogo wangu." Kisha akaanza kulia. Nilimwacha alie. Na mimi nililia njiani.

Jumanne, 18 Machi

Kaka ameanza kazi. Tiketi alimpa kibati namba kumi na saba, naye akakifunga shingoni bila kufikiri, vidole vikijiendea vyenyewe: mizunguko miwili, mkia chini, unapinda kushoto.

Nundu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anafuta kioo cha saa yake. Hakuinua kichwa. Nimejiambia hakuona.

Jumanne, 25 Machi

Waya tisa zimebaki. Anazitoa saa ya chakula cha mchana na kuzitupa kwenye shimo la choo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo Nundu alimkamata mkata matete mtoni. Mtu mwenyewe alikuwa na mundu na mzigo wa matete, lakini suruali yake ilifungwa kwa kipande cha waya badala ya mkanda. Nundu alipouona tu, basi. Alimpiga rungu la goti, akamfuata chini. Nilisikia sikio likipasuka, mlio kama wa kukanyaga konokono.

"Ni suruali, mkuu! Anashikilia suruali!" Nilimrukia mkono. Alinitupa kando bila hata kunitazama, akaendelea mpaka alipochoka.

Mwezi uliopita ningemshikilia yule mtu mabega. Leo kila rungu liliposhuka niliona kichwa cha Kaka. Ndiyo maana wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeaibika sana.

Halafu sikiliza hili. Alipotulia, Nundu alifungua waya wa ile suruali, akautazama, akaona hauna hata fundo, umesokotwa tu. Akakaa chini. Akavua shati lake akamfunga yule mtu kichwa, akambeba mwenyewe kifua wazi kwenye mvua hadi zahanati, na huko alikaa naye mpaka aliposhonwa. Mtu huyu simwelewi. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya tano. Mto umemeza kigingi cha kwanza cha kupimia maji. Waya tatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kigingi cha pili. Wageni hakuna, nani mwenye akili aje? Waya moja tu imebaki, ile ya Kiwiko. Kaka ameniambia Jumatatu anaimaliza. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika ya jana. Mkono wa kulia umevimba, kwa hiyo mwandiko huu usinicheke.

Asubuhi Kaka aliingia na mafundi wenzake wawili. Saa sita mvua ilikaza mno, wale wawili wakatoka wakaenda kujikinga kwao, ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa upande wa kilima, mti ulikuwa umeangukia njia. Nilirudi getini saa kumi na moja kasoro, nimelowa hadi mifupa. Niliangalia ubao kabla hata sijavua koti. Ulikuwa umejaa, pengo pekee ni langu. Nikatundika namba yangu.

"Mwisho wewe," Tiketi akasema. "Kaka yako katoka?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayekaa hapa."

"Kibati kaleta Nundu. Kasema fundi kapita njia ya mkato kwenda kwao. Nundu mwenyewe katundika chake, kaenda barabarani kutafuta mtandao apige simu."

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Nilijua amemaliza waya ya mwisho na ameenda kumwambia wifi. Nilikishika kile kibati namba kumi na saba, sijui kwa nini, labda kwa furaha tu.

Uzi ulikuwa umekatwa.

Fundo la baba lilikuwa zima, halijaguswa, na uzi umekatwa kando yake kwa kisu. Kaka hawezi kukata uzi. Mtu huyo hafungui hata mfuko wa chumvi kwa kukata. Nilisimama pale huku Tiketi akinisemesha na sikumsikia. Kisha nilichukua panga na koleo nikakimbia kwa njia ya ukingo.

Njia ilikuwa imekwisha kuwa mto. Nilianguka mara nne. Pale Kiwiko nilimwona: amefungwa kwenye mkuyu, mikono nyuma, kwa waya wake mwenyewe, maji yanampiga kifuani. Uso wake wote ulikuwa nyang'anyang'a. Jicho moja halikuonekana.

"Nilikuwa naitoa," akaniambia. Hilo ndilo neno lake la kwanza. "Mwambie nilikuwa naitoa."

Nilizama nyuma ya mti nikakata waya kwa koleo, nikipapasa. Mikono yake ilikuwa myeusi, baridi kama samaki. Nilimvuta hadi kwenye ukingo, nikamlaza. Ndipo nikasikia mtu anakuja mbio kwa njia ya mkato, ile ya barabarani.

Alikuwa Nundu. Ameshika koleo. Namwandika kama nilivyomwona: anahema, amepauka, hana kofia, hana kibati. Akapaza sauti, "Nilikuwa narudi kumtoa! Maji yamepanda ghafla! Nilikwenda kuwaita polisi tu, nilikuwa narudi!"

Leo naamini alisema kweli. Mtu haji kuua na koleo. Jana sikutaka kusikia kitu. Nilimpiga kwa ubapa wa panga begani, nikampiga tena shingoni, na mara ya tatu niliugeuza upande wa makali. Alikinga kwa koleo, cheche zikatoka. Akanipiga ngumi ya kifua nikaenda chini, akanikanyaga mkono wa panga. Nikamng'ang'ania buti. Hatukuwa watu. Nilikuwa nikimwita majina ambayo hata mlevi hayatamki, naye anapiga kelele tu, "Acha! Acha, dada, acha!"

Kaka aliinuka. Mikono haifanyi kazi, jicho moja, akamwendea kwa kichwa kama kondoo dume. Wote wawili walikwenda ukingoni. Nilimdaka Kaka mkanda. Nundu alitumbukia.

Hakwenda na maji. Gogo lilikuwa linakuja, likamkuta mguu kwenye mizizi ya mkuyu likaukandamiza. Nilisikia mfupa. Maji yalikuwa kiunoni mwake.

"Dada," akasema. Sasa hakupiga kelele. "Nitoe."

Nilijaribu kulisukuma lile gogo, lazima niandike kwamba nilijaribu. Halikutikisika. Lilitaka watu sita na kamba. Kaka alikuwa ameanza kutapika damu.

"Naleta watu," nikamwambia.

"Piga filimbi ukifika."

Nilimbeba Kaka mgongoni.

Getini Tiketi alipiga ukelele mmoja, halafu, Mungu ambariki, akafanya kazi. Alisimamisha lori la mchanga barabarani, tukampakia Kaka, naye akapanda pamoja naye kumshikilia kichwa. "Ni maji yamempiga hivi?" akaniuliza. "Maji," nikajibu. Akatazama ubao kwa mazoea. "Wengine wote wametoka. Basi funga twende!" Nikamwambia watangulie, mimi nafunga.

Lori likaondoka. Nikabaki peke yangu na ubao.

Ulikuwa umejaa. Ishirini na nne. Namba moja iko msumarini pake, ameitundika kwa mkono wake. Hakuna ambaye angekwenda kumtafuta mtu ambaye ubao unasema ametoka. Sikuhitaji kufanya chochote. Sikuhitaji hata kusema uongo.

Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilikaa chini kwenye benchi.

Nilimfikiria yule pongo. Nilifikiria vile vidole viwili, na mtu niliyemshikilia mabega. Nilifikiria Kaka pale mtini, anasubiri maji yamfike mdomoni, na huku ubao unasema yuko nyumbani anakula. Nilitaka Nundu asubiri vilevile. Nilitaka ajue. Sitaandika kwamba nilizimia au kwamba nilichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nikisikiliza mvua kwenye bati.

Kisha giza likakolea, nikashindwa kuziona namba. Niliinuka kuzitazama kwa karibu. Namba moja imechubuka rangi, kwa miaka yote aliyoivaa. Niliiondoa. Basi, nilichofanya ni hicho tu, niliiondoa msumarini, pengo likaonekana, na pengo likionekana mlinzi hana hiari. Nilipiga filimbi mpaka mapafu yakawaka moto.

Wale mafundi wawili walitoka mbio, na wachimba mchanga saba nyuma yao, na kamba. Tulimkuta maji yako kidevuni, kichwa amekiegemeza nyuma ili apumue. Yuko hai.

Jumamosi, 26 Aprili

Kaka ametoka hospitali. Jicho limepona. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimekatwa, viliharibika kwa waya. Wifi anamlisha kwa kijiko, naye anamlalamikia kijiko ni kikubwa. Amekataa kumshtaki Nundu. "Nikimshtaki, na yeye atanishtaki. Tutaanzia wapi?" akasema. Nilimwambia ana roho ya ajabu. Akasema hapana, amechoka tu.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu ile saa niliyokaa kwenye benchi.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekwisha. Kigingi cha kwanza kimetoka majini. Leo nimekwenda kumwona Nundu.

Mguu wameukata juu ya goti. Tiketi alikuwapo, na mafundi, na muuguzi mmoja mwenye maneno mengi. "Huyu dada ndiye aliyekuokoa!" muuguzi akasema. "Daktari anasema angefikishwa saa moja tu mapema, mguu ungepona. Lakini roho ndiyo muhimu, au siyo?" Wote wakaitikia. Mimi nikaangalia sakafu.

Walipotoka, Nundu alifungua droo akatoa kipande cha waya. Fundo la baba. Alikuwa nalo tangu mwezi wa tatu.

"Nililipata siku moja baada ya lile lako lililoangukia mtoni," akasema. "Halafu nikaliona kwenye uzi wa kibati. Sikukuuliza. Ningekuuliza, yasingetokea haya. Lichukue."

Nikalichukua.

"Saa yangu haikuingia maji," akaendelea. Alisema polepole, akitazama dari. "Mliondoka saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Umebeba mtu, dakika hamsini. Ningesikia filimbi saa kumi na mbili na nusu, tuseme na kupumzika. Niliisikia saa moja na nusu."

Ningeweza kusema nilianguka. Ningeweza kusema nilipotea njia, ingawa njia yenyewe ni moja.

"Nilikaa chini ya ubao," nikasema. "Nikautazama. Ulikuwa umejaa."

Aliuweka mkono pale mguu ulipokuwa, akakuta shuka, akauondoa.

"Mimi ndiye niliyeujaza," akasema.

Muuguzi alirudi kunifukuza, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nundu akamwambia aniache, huyu ni dada yangu wa kazini. Akaitazama saa yake iliyokuwa mezani, kisha akanitazama mimi.

Nimekaa naye saa nzima.